Mfalme Mwenye Chunjua

Juzi mjukuu wangu anayekaa Utemini alikuja kunifagilia chumba. Mtoto wa mjini akifagia chumba cha bibi yake hafagii, anapekua. Nikasikia sanduku langu la bati linalia kwaa, nikajua huyo ameshafika chini kabisa, kwenye matambara. Akatoka uani kabana kitu kwa vidole viwili kama mtu aliyechomoa kupe kwenye ng'ombe.

"Bibi, hii nini?"

Mimi nilikuwa nachambua choroko. Sikuinua hata kichwa. "Mfalme huyo. Mrudishe akalale."

Lakini uani kwangu hakukai siri. Jirani yangu muuza vitumbua akaja na mikono ya unga, akaangalia, akasema kwa ile sauti yake ya puani, "Aaah, hii si hela ya Mjeeerumani hii! Babu yangu alikuwa nazo mtungi mzima." Babu yake namjua. Hakuwa hata na mtungi. Mara akasimama kijana wa bodaboda, huyo naye macho yakamtoka: "Bibi, hii rupia! Leteni mchele! Rupia ya kweli inavuta mchele!" Wakaleta mchele, wakaumwaga kwenye sinia, wakamshusha mfalme wangu juu yake polepole kama wanaogesha kichanga. Mchele ukalala. Mfalme naye akalala. Bodaboda akasema labda ni kwa sababu mchele wenyewe wa Kyela, haujazoea huku. Nilicheka mpaka choroko zikamwagika.

Basi nikaona bora nikuambie wewe mwenzangu, unayejua kukaa ukasikiliza. Hao wengine wangeniletea mganga.

Hela yenyewe ni ndogo, kama kifungo cha koti. Haikuviringika vizuri, iko kama chapati ya msichana anayejifunza. Upande mmoja kuna mwanamume kaangalia kushoto, ndevu zake zimechanwa mistari mistari, kitambaa kimefungwa kichwani na ncha zake zinaning'inia kisogoni, na hapa kwenye paji la uso ana chunjua. Chunjua kabisa, ya mfalme. Inaonekana fundi hakuogopa, au mfalme alikuwa anajivunia. Ukimgeuza, nyuma kuna mtu amekaa kwenye kiti, ameshika upinde mbele yake, na maandishi yamemzunguka pande zote kama ua wa miiba.

Mfalme huyo nilimjua nikiwa msichana wa kuchunga, kule upande wa Issuna, uhuru ukiwa bado mbichi, wakati kila mwenye viatu alikuwa anatuhutubia. Nililelewa na bibi. Bibi alikuwa na sikio moja la kusikia na moja la mapambo, na wewe ulitakiwa ukumbuke lipi ni lipi kabla hujafungua mdomo. Asubuhi nilikuwa naamshwa na kibuyu chake cha maziwa, chubwi, chubwi, chubwi, anatikisa amekaa kwenye ngozi mlangoni mwa tembe, moshi unatoka nyuma yake kama nyumba inavuta kiko. Siagi ikitoka, anaichemsha iwe samli. Harufu ya samli ya bibi ilikuwa inafika kisimani kabla yake. Sisi tulikula ugali wa uwele na mlenda, samli tulinusa. Samli ilikuwa ya kupeleka dukani.

Shule sikwenda. Babu alisema, kwa sauti yake ya kukoroma, "Huyu akienda shule, ng'ombe nani atawasoma?" Basi nikabaki nawasoma ng'ombe. Usicheke, ni kusoma huko. Ng'ombe wa boma nyingi wakishachanganyika kisimani, vumbi tupu, mikia tupu, na jua likianza kulala kila mtoto anatakiwa atoe wake bila kukosea. Rangi haitoshi, rangi inadanganya, na vumbi linawapaka wote rangi moja. Unaangalia pembe iliyokatika ncha. Sikio lililochanika. Kovu la fisi kwenye paja. Namna anavyoweka mguu wa nyuma, kama anakanyaga maji ya baridi. Ng'ombe wawili sawasawa hakuna. Ukileta wa watu nyumbani ukaacha wenu, siku hiyo ulikula maneno.

Mwenye duka alikuwa Mbulushi. Watu wake walitoka huko Uajemi, wakaja zamani na misafara, wengine wakabaki Tabora, wengine wakatawanyika kufuata reli. Baba yake alitembea kwa miguu kutoka pwani na mzigo wa vitambaa kichwani, na hela moja ya kwao imeshonwa kwenye pindo la nguo. Yeye mwenyewe alizaliwa hukuhuku, Kinyaturu alikijua kuliko balozi wetu wa nyumba kumi, na akikasirika alikasirika kwa Kinyaturu. Mkewe alikuwa ameshafariki, mtoto hakuwa naye. Duka lake lilikuwa la giza na ubaridi, linanuka mafuta ya taa, ngozi mbichi, kaniki mpya na sukari guru. Alikuwa anaongea taratibu, kama anayepima nguo, na kila neno la maana alilitanguliza na "sikiza, sikiza". Nilikuwa namwiga njiani mpaka bibi anakaa chini kucheka. Niliwaiga wote. Balozi, mwalimu, babu, hata jogoo wa jirani mwenye mafua.

Sasa huyo mzee alikuwa anakusanya hela za huko kwao. Hela za kale, za wafalme waliokufa kabla ya kila kitu. Wabulushi wenzake wa njia ya reli walikuwa nazo moja moja, mwingine kamfungia mtoto shingoni, mwingine kashona kwenye kofia ya harusi. Akisikia iko mahali, anatuma debe la asali ya Itigi, wanamletea hela isiyonunua hata kiberiti. Balozi wetu alikuwa haamini. Alikuwa anasimama pale kaunta, tumbo mbele, sauti ya mkutanoni: "Ndugu mwenye duka! Asali inaliwa! Hiyo inaliwa?" Mzee anamjibu, "Sikiza, ndugu balozi, hata hotuba yako hailiwi, lakini unaikusanya."

Akishaswali alasiri, anatandika kipande cha kaniki juu ya kaunta, anafungua kopo la biskuti, anazipanga. Tatizo lake lilikuwa macho. Yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili meupe kama maziwa yaliyoongezwa maji. Anazipapasa tu. Siku moja bibi alikuwa anabishana naye kwenye mizani, mimi nimening'inia kaunta, nikawa natazama zile hela nazisema peke yangu kama ng'ombe wakitoka bomani. Huyu ana chunjua. Huyu hana. Huyu kavaa kofia ndefu ya shanga. Huyu kidevu kifupi, bado kijana. Huyu wa nyuma amekaa kwenye kiti, yule amekaa kwenye kitu kama kibuyu kilichopinduliwa. Huyu ana nyota mbele ya pua.

Mzee akaacha mizani. "Sikiza. Rudia."

Nikarudia. Akanikatia kipande cha sukari guru kikubwa kuliko ngumi yangu. Toka siku hiyo nikawa macho yake. Bibi akija na samli, mimi napanda kwenye gunia la chumvi, nasoma wafalme.

Mwalimu wa shule akasikia, ikamuuma. Mtoto asiyejua hata ubao una rangi gani, anasoma? Akaja na kalamu zake tatu mfukoni, akaomba ajaribu kuzisoma yeye. Akashika moja, akaisogeza, akaitenga, akasafisha koo. "Tuu-some. Hii ni herufi... hii... hii imekaa kama nyumba. Hii ni O. O tunayo."

Bibi akauliza kwa sikio lake zima, "O ndiyo nini?"

"O ni O, mama."

"Basi na mimi nimesoma."

Mzee alicheka mpaka akafuta macho yale. "Sikiza, mwalimu, usione haya. Hata ungeweza kusoma usingepata kitu. Hawa wafalme waliandika jina moja wote, jina la babu yao wa kwanza. Mtoto akishika kiti, jina hilo. Mjukuu, hilohilo. Msomaji anapotea hapa. Hapa anatakiwa mtu wa kuangalia sura."

Bibi akasema, "Kama kwetu tu, kila nyumba ina jina la babu, lakini mwizi wa kuku unamjua kwa pua." Mwalimu akaondoka na kalamu zake. Mimi nilikuwa natafuna guru, nimepasi.

Alinifundisha vizuri huyo mzee, ingawa siku moja nusura anipige. Nilizichukua hela mbili zilizokuwa nyeusi, nikaenda nazo nyuma ya duka, nikazisugua na jivu kama ninavyosugua sufuria. Zikang'aa! Nikamletea nikitegemea guru. Akazipapasa, halafu akanisomea kwa Kinyaturu mambo ambayo sitayarudia mbele yako. Ule weusi ndio umri wake, alisema. Nimemnyoa mzee ndevu. Hela haisuguliwi na jivu. Mpaka leo nikiona mtu anang'arisha kitu cha kale, mkono unaniwasha.

Na alinifundisha jambo moja ambalo aliliambia kila mteja, hata anayenunua sindano. "Sikiza. Hizi hazikutoka kwenye mashine. Mtu aliweka kipande cha fedha juu ya chuma, akapiga nyundo. Twa! Nyingine, twa! Mfalme mmoja, fundi mmoja, siku moja. Lakini hii imekwenda upande, hii imepasuka ukingo, hii herufi zimekatwa. Kila pigo na lake. Mbili sawasawa hakuna."

"Kama ng'ombe," nikasema.

"Kama ng'ombe," akasema, akafurahi.

Ile ya baba yake haikukaa kwenye kopo. Ilikaa kwenye kizibao chake, mfuko wa ndani, imefungwa kitambaa. Ilikuwa ya mfalme mwenye chunjua. Alikuwa ananipa niishike akiwa amenishika mkono. Nilimsoma yule mfalme kama ninavyomjua ndama niliyemnywesha mwenyewe: ana ufa ukingoni, chini ya ndevu. Nyuma, juu ya upinde, ana jeraha dogo kama jino la fisi. Na maandishi ya juu yamekatwa katikati na ukingo. Bibi aliwahi kumtazama yule mkaa-na-upinde, akauliza, "Huyu ameshika upinde hana mshale. Anamtisha nani?" Mzee akamwambia, "Wewe. Usiweke tena maji kwenye samli."

Sasa ikaja habari ya kuhama. Balozi alipita kila tembe, kapata kipaza sauti cha bati, nyumba tatu tu zinamsikiliza lakini anapiga kelele kama anaita Manyoni. "Ndugu wananchi! Tunakwenda kukaa pamoja! Kijijini! Shamba moja! Duka moja, la wananchi wote!" Bibi aligeuza sikio la mapambo. Mzee alisikia vizuri. Duka moja, maana yake la kwake halimo. Hakugomba. Alisema atakwenda kwa ndugu zake Tabora, akaanza kuuza vilivyobaki rafuni.

Kilichokuwa kinamla ni kitu kingine, na alinieleza mimi kwa sababu nilikuwa nimekaa hapo kwenye gunia. Baba yake alizikwa kando ya korongo, na masika ya mwaka mmoja yalilichukua kaburi. Mtoto, yeye hana. Duka linafungwa. "Sikiza, bibi mdogo. Mimi nikifa Tabora, nani atajua kwamba mtu yule alitembea?"

Lakini alikuwa na dawa yake. Kulikuwa na daktari wa misheni, mzungu mrefu amekonda kama korongo wa ziwani, yule ndege, ambaye naye alipenda mambo ya kale. Daktari alikuwa anarudi kwao. Walikubaliana: atazichukua zile hela zote, atazipeleka kwenye nyumba ya kwao wanakoweka vitu vya zamani, ziwekwe chini ya kioo. Na ya baba itawekwa katikati, na chini yake litaandikwa jina la baba, na kwamba alitembea nayo kutoka pwani mpaka huku. Daktari aliandika kwenye karatasi. Mzee akaomba asomewe. Akasomewa. Akaomba tena. Toka hapo, ukienda kununua chumvi unapewa na habari hiyo: "Watu ambao hawajasikia Issuna watasoma jina la baba yangu." Hata wale waliokuwa hawamsikilizi walikuwa wanasema, Eeh, mzee, hongera.

Siku ya daktari kuja, mimi na bibi tulikuwa pale na samli ya mwisho. Rafu zilikuwa tupu, zinaonyesha alama za makopo kwenye vumbi. Mzee alikuwa ameoga, kavaa kanzu nyeupe na kizibao, kajipaka mafuta mazuri. Daktari akaingia kwa kuinama, akapiga kichwa kwenye kizingiti kama kawaida yake, akasema kama kawaida yake, "Pole, mlango."

Halafu akasema, "Mzee, mimi leo nafurahi sana sana. Mimi pia nina kitu ndogo." Akatoa bahasha. Alipokuwa kijana, alisema, alifanya kazi huko Uajemi, akanunua hela moja sokoni. Ilikuwa imekaa kwao miaka yote hiyo, sasa dada yake amemtumia kwa posta. "Ni mfalme ya wewe! Mfalme ya chunjua! Mimi nataka yeye akae karibu na mfalme ya baba. Kama ndugu."

Mzee akafungua kitambaa chake. Wakaziweka mbili kwenye kaniki. Daktari alikuwa bado anatafuta kioo chake cha kukuzia, anajipapasa mifuko, kama mtu ameingiliwa na siafu. Mzee akaniita. "Sikiza, bibi mdogo. Panda. Niambie, ya daktari na ya baba zikoje?"

Nikapanda kwenye gunia. Nikaangalia hii. Nikaangalia ile. Nikarudi kwa hii. Chunjua, na chunjua. Ufa chini ya ndevu, na ufa chini ya ndevu. Nikazigeuza. Jino la fisi juu ya upinde, na jino la fisi juu ya upinde, palepale. Maandishi ya juu yamekatwa, na ya pili yamekatwa, kwenye herufi ileile iliyokaa kama nyumba.

Sasa lazima nikuambie jambo la kwetu. Nyumbani kwa bibi, ng'ombe akizaa mapacha ilikuwa ni furaha ambayo haina mfano. Ilitokea mara moja tu nikiwa na akili. Bibi alipiga kigelegele mpaka wa ng'ambo ya korongo wakaja mbio, akachovya kidole kwenye samli, akawapaka ndama wote wawili kwenye paji, na siku hiyo hata sisi watoto tulilamba samli. Hicho ndicho nilichokijua kuhusu vitu viwili vinavyofanana kovu kwa kovu. Sikujua kingine.

Nikapiga kigelegele.

"Mapacha! Bibi, mapacha! Tumbo moja!"

Bibi neno hilo alilisikia hata kwa sikio la mapambo. Akadaka kigelegele changu akakipeleka juu, akatumbukiza kidole kwenye kibuyu, akampaka mfalme wa kwanza paji la uso, akampaka wa pili, na samli iliyobaki akampaka daktari mkononi, kwa kuwa ndiye aliyemleta pacha wa pili. Tulipiga vigelegele sisi wawili ndani ya duka tupu, vinarudi kutoka kwenye rafu.

Kisha nikaona tunashangilia peke yetu.

Daktari alikuwa ameshakipata kioo chake. Ameinama juu ya kaniki. Mzee hakuhitaji kioo. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya kaunta, kama mtu anayezuia ubao usipeperuke. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mbili sawasawa hakuna. Alielewa kabla ya daktari.

"Soma tena," akasema.

Hakusema sikiza.

Nikasoma, bado nina kiburi cha guru. "Ufa hapa, chini ya ndevu. Na hapa. Jeraha hapa, juu ya upinde. Na hapa. Herufi imekatwa hapa..." Ile ya tatu sikuimaliza vizuri. Mdomo ulianza kukosa ladha.

Daktari akajiinua, akasahau mlango uko mbali, akajikinga kichwa. "Mzee, pole. Pole sana. Mtu ya soko alikuwa na kalibu. Yeye anamwaga fedha ya moto ndani, anamwaga, zote sawa. Yeye amedanganya mimi. Zamani zaidi, labda baba yake ya yule mtu, amedanganya baba yako." Akaonyesha kopo. "Lakini hizi zote ni kweli! Hizi ni nzuri sana! Mimi naandika jina ya baba kwa hizi."

Hapo ndipo ungeona mtu amepewa alichotaka, mkononi kabisa. Jina lingeandikwa. Nani angejua? Mimi sijui kusoma, bibi hasikii, daktari anakwenda zake. Mzee akalisukuma kopo la biskuti upande wa daktari.

"Hizo nilizitafuta mimi kwa asali," akasema. "Zipeleke, ni zako. Lakini baba yangu hakuzishika. Jina lake lisikae chini ya kitu ambacho hakukishika."

Akaiokota ile ya baba, akaifungia kitambaa na samli yake hivyohivyo, akairudisha mfuko wa ndani.

Njiani bibi aliniuliza, "Pale palikuwa na msiba?" Nikamwelezea kwa kupiga kelele kwenye sikio zima: kwamba zile hela mbili si za kweli, ndiyo maana zimefanana. Alitembea kidogo, akabadilisha kibuyu mkono. Akasema kwa kukasirika, maana alikuwa anaililia samli yake, "Wazee wawili wazima. Ng'ombe akirudi nyumbani anaulizwa ni wa kweli? Anaulizwa ni wa nani." Na hakulizungumzia tena.

Siku chache baadaye lori likamchukua mzee kwenda Manyoni, akapande treni. Vitu vyake vilikuwa vichache: kitanda, mizani, kopo la biskuti tupu. Nilikuwa nimesimama na ng'ombe kando ya barabara. Nilijua mimi ndiye niliyemharibia, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa kwa Kinyaturu, ningelishukuru. Akaniita. Akanitia hela mkononi, ile ya daktari, aliyoiacha juu ya kaunta kama ganda la karanga. Nikaipapasa, nikasikia ufa.

"Pacha wake naondoka naye," akasema. Akapanda. Lori likaanza kunguruma, akatoa kichwa dirishani, macho yale meupe yanatafuta nilipo, yakakosea, yakaangalia ng'ombe. "Usiisugue na jivu!"

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Sikumwona tena, na kama kuna mtu Tabora alimzika, sikuletewa habari.

Na sisi tukahama. Tembe tuliibomoa wenyewe tukabeba miti yake. Kijijini nyumba zilisimama mstari kama watoto wa shule, na duka moja la wananchi wote, lenye foleni ya wananchi wote na kopo moja la mafuta. Mwalimu akaanzisha masomo ya watu wazima, nikaenda siku tatu, nikajifunza O. O niliijua tayari. Ng'ombe siku hizi wanavalishwa hereni za plastiki zenye namba, mchungaji anasoma sikio, sura haiangalii. Pale lilipokuwa duka nilipita siku moja kwenye basi, nikaona miiba na mbuzi wa mtu. Sauti zote za siku zile ninazo. Ukija nitakufanyia balozi na kipaza sauti chake, nitakufanyia daktari na kizingiti, bibi, babu, hata yule jogoo. Ile "soma tena" siifanyi. Nimeijaribu, inatoka yangu.

Basi juzi, mchele ulipogoma kuvutwa, mjukuu wangu akampiga mfalme picha kwa simu, mbele na nyuma. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Akaniangalia kwa huruma ile ya watoto wa mjini, akashusha sauti kama nesi. "Bibi, usihuzunike. Simu inasema ni feki."

Nikamwambia, "Simu yako imechelewa. Mimi nilishasema, tena kwa kigelegele, mama yako hajazaliwa."

Akauliza sasa ninamtunza wa nini. Nikamwambia alete choroko zangu zilizomwagika.

Lakini wewe nitakuambia. Jina la baba yake yule mzee ninalo. Nilisikia likisomwa kwenye ile karatasi, mara mbili, na mtu asiyejua kuandika hana pa kulimwaga, linakaa. Wala sitalitaja hapa. Hii niliyonayo baba yake hakuishika. Alishika pacha wake. Kwa hiyo ukiwa safarini huko Tabora, au popote, ukamwona mtu ana kifungo cha fedha cha mfalme mwenye chunjua, papasa chini ya ndevu kama kuna ufa. Geuza, tafuta jino la fisi juu ya upinde. Ukilikuta, usiulize simu, na usiulize mchele. Piga kigelegele kwanza, halafu nitafute. Hiyo nitaitajia jina.